Kitindamlo cha Chokoleti Kisichookwa: Kwanza Biskuti, Halafu Chokoleti

Jiko langu ni la sufuria mbili tu. Oveni sina, na kwa kitindamlo hiki sijawahi kuihitaji. Ndicho ninachokitengeneza mara nyingi kuliko vyote, kile ambacho watoto wa kaka yangu hukiulizia kabla hata hawajavua viatu mlangoni. Ni chokoleti iliyoyeyushwa pamoja na siagi, ikachanganywa na biskuti zilizovunjwavunjwa, ikashindiliwa kwenye chombo na kuachwa igande kwenye friji. Hakuna unga wa kukanda, hakuna mayai ya kupiga, hakuna kuchungulia kama kitu kimeumuka. Mtoto wa miaka sita anaweza kufanya nusu nzima ya kazi, tena kwa umakini unaowashinda watu wazima wengi.

Urahisi huo ndio unaowafanya watu wakichukulie juujuu. Nimeshakula cha kila namna kwenye shughuli za watu: kinachomomonyoka ukikigusa, kigumu mpaka kisu kinateleza, na kile kinachonisikitisha zaidi, ambacho biskuti zake zimelegea hata huwezi kujua kama ziliwahi kuwa biskuti. Aliyekitengeneza karibu kila mara huilaumu chokoleti: ati haikuwa nzuri, ati angepata ile ya ghali. Mimi huiangalia biskuti kwanza. Nasema kwa moyo wote kwamba humu ndani mwamuzi ni biskuti, na kinachoamua hali ya biskuti ni maji. Ukishajua maji yako wapi na yanaelekea wapi, mengine yote yanakaa mahali pake.

Biskuti inakatika kwa mlio kwa sababu imeokwa mpaka ikakaribia kukauka kabisa. Maji yaliyobaki ndani ni asilimia chache tu ya uzito wake, na ndiyo maana haiachi kuyatafuta. Iache wazi mezani, itanyonya unyevu wa hewani mpaka ianze kupinda badala ya kukatika. Ichovye kwenye maziwa, inalegea papo hapo. Lakini ipake siagi iliyoyeyuka au chokoleti, haishtuki, kwa sababu mafuta hayailegezi namna hiyo. Yanaizunguka tu, na yakishaganda yanakuwa ukuta unaouzuia unyevu. Chokoleti yenyewe karibu haina maji. Ni sukari, kakao na mafuta ya kakao, na pengine maziwa ya unga. Hivyo vitu hivi viwili vinaweza kukaa pamoja siku nyingi bila kimoja kukiharibu kingine. Maji tunayaleta sisi: kwenye siagi, ambayo kwa kawaida ina karibu asilimia 16 ya maji, kwenye maziwa, kwenye krimu, kwenye mvuke wa sufuria, kwenye kijiko kilichooshwa kikafutwa nusunusu.

Sasa, biskuti gani? Mimi hutumia zile za kawaida kabisa, nyembamba, kavu, zenye vitobo juu, zisizo na krimu katikati wala sukari nyingi. Chokoleti na maziwa ya kopo vinaleta utamu wa kutosha. Nikikutana na aina ngeni hununua pakiti moja, natoa biskuti na kuivunja karibu na sikio. Ikitoa mlio mkavu na mfupi, inafaa. Ikivunjika kimyakimya na kuniachia vumbi la mafuta vidoleni, hiyo ni tamu kuila na chai, ila humu itasagika yote. Zenye chumvi kidogo ni nzuri ajabu, maana chumvi huikoleza ladha ya chokoleti. Za tangawizi nazipenda mno kwa ajili ya wakubwa. Watoto wetu hawazitaki na siwalazimishi.

Pakiti iliyofunguliwa siku nyingi usiitupe. Bandika kikaango kikavu kwenye moto mdogo, panga biskuti zisipandane, zigeuze mara moja, dakika chache tu mpaka zipate joto vizuri. Zikitoka bado zitakuwa laini. Zitandaze kwenye sahani pana zipoe kabisa, nazo zitarudi kukatika. Usizitie kwenye chokoleti zikiwa na joto, kwa sababu mvuke bado unazitoka na utaishia kwenye mchanganyiko wako.

Kuvunja ndiko kunakotaka subira, na hapo humwachia kazi binti wa kaka yangu. Hatutumii mashine. Mashine inatoa unga, na unga mtupu ukikutana na chokoleti unakuwa tonge moja zito lisilo na cha kutafuna. Tunatumia mikono. Kila biskuti inakatwa kati, nusu zake zinakatwa tena, mpaka vipande vinafikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vingine vikiachwa vikubwa kidogo kwa makusudi. Anainua kimoja na kunionyesha. “Shangazi, hiki kimezidi?” Namwambia kiache hicho, tutakiona tukikata. Wakati huohuo makombo yanajikusanya chini ya bakuli, na hayo tunayahitaji sana. Makombo hunywa chokoleti, yanaifanya iwe nzito, halafu yanajaza mapengo kati ya kipande na kipande. Yakikosekana, vipande vinachomoka wakati wa kukata na kuacha mashimo. Yakizidi, kitu kizima kinakauka na kumomonyoka. Mimi huwa napenda makombo yawe kama theluthi moja ya biskuti zote. Yakionekana hayatoshi, natia biskuti mbili tatu kwenye mfuko na kuzisaga kwa kifimbo cha kusukumia.

Karanga, korosho au lozi nazo huzikaanga kavu kwanza, zikapoe, ndipo nizikate. Mbichi zina unyevu wake na ladha yake imelala. Kama kuna mtu mezani asiyeweza kula njugu za aina hiyo, ziache zote, usiseme utamwekea kipande cha pembeni. Zabibu kavu zinashika nafasi hiyo vizuri, mradi usiziloweke.

Twende kwenye chokoleti. Geuza pakiti usome viambato. Ukiona mafuta ya kakao, umeshika chokoleti yenyewe. Ukiona mafuta ya mimea yamechukua nafasi yake, hicho ni kitu cha aina nyingine: kinaganda vizuri na hakisumbui kuyeyusha, ila mdomoni kinachelewa, na mara nyingi kinaacha utando kwenye ulimi. Sikikatazi. Kwa shughuli yenye watoto wengi kinafaa, ukiongeza kakao ya unga ili ladha ijitokeze. Lakini mafuta ya kakao yana jambo ambalo sijaliona kwenye mafuta mengine jikoni kwangu: katika hali yake nzuri yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, chini kidogo tu ya joto la mwili wa binadamu. Mezani ni magumu, ukiuma yanakatika, na yakikaa juu ya ulimi yanayeyuka yenyewe bila kutafunwa. Kila nikilifikiria hilo nauheshimu zaidi mti wa mkakao.

Mafuta hayo yanaweza kuganda kwa namna sita tofauti za fuwele, yaani chembe zilizojipanga kwa mpangilio maalumu, na watengenezaji wa chokoleti huhangaika kuipasha na kuipoza ili waipate ile ya tano, inayotoa mng’ao na mlio wa kukatika. Sisi hatuna haja ya mahangaiko hayo. Tumeshachanganya siagi na maziwa, na tunahifadhi kwenye friji, kwa hiyo ugumu wetu unatoka kwenye baridi. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nimshauri mtu anayeanza kushika chokoleti aanzie hapa na si kwingine.

Ulaini wa chokoleti tunayoiyeyusha leo nao una historia yake. Mwaka 1879, Rodolphe Lindt wa Uswisi alibuni mashine ya kuikanda chokoleti kwa muda mrefu ikiwa na joto, mpaka ukakasi ukaisha na ukali wake ukapungua. Kabla ya hapo chokoleti ya kula ilikuwa na chengachenga. Nikiona ile ya kwangu inatiririka kutoka kwenye mwiko kama utepe, najua kuna mtu aliyeitolea jasho.

Vipimo vyangu ni hivi. Biskuti gramu 250. Chokoleti nyeusi yenye kakao ya asilimia 50 hadi 60, gramu 200. Siagi isiyo na chumvi gramu 100. Maziwa mazito ya kopo, yale yenye sukari, gramu 150. Kakao ya unga vijiko viwili vya chakula, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi robo ya kijiko cha chai, na karanga au korosho gramu 80. Vinajaza chombo cha mraba cha sentimita 20, unene wa kama vidole viwili. Ukipenda chokoleti ya asilimia 70, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya kopo, kwa sababu ina sukari kidogo na mchanganyiko utabana. Ukitumia chokoleti ya maziwa, fanya kinyume chake: punguza maziwa ya kopo, la sivyo utapata kitu kitamu kupita kiasi na kisichosimama.

Mtu anaweza kuuliza: kama maji ni adui wa biskuti, maziwa ya kopo yanatafuta nini humu? Ni kweli yana maji, kama robo ya uzito wake. Lakini sukari iliyomo ni nyingi kiasi kwamba imeyashika, hayapo huru kukimbilia biskuti. Sukari hiyohiyo ndiyo inayowazuia vijidudu kuyaharibu maziwa hayo. Kwa hiyo tunapata ulaini na ushikaji bila kulipa kwa biskuti kulegea. Maziwa ya kawaida hayawezi kufanya hivyo, hata ukitia kidogo. Mapishi mengi ya zamani yalishikanisha mchanganyiko kwa mayai mabichi. Mimi siyatumii, kwa sababu mayai mabichi yanaweza kubeba bakteria wa salmonela, na humu hakuna moto wa kuwaua. Kwa watoto, wazee na wajawazito hilo si jambo la kubahatisha, na maziwa ya kopo yanafanya kazi ileile.

Kuyeyusha. Tia maji kwenye sufuria, kina cha vidole viwili, yachemke, kisha punguza moto mpaka yawe yanatetemeka tu. Weka juu yake bakuli la kioo au la chuma lililokauka kabisa. Chini lisiguse maji, na pembeni likae vizuri mvuke usipenye. Tia siagi kwanza. Ikishayeyuka yote, zima moto, ndipo utie chokoleti iliyokatwakatwa, na usiikoroge mara moja.

Hapa napenda kukaa na kutazama. Chokoleti ina tabia ya kutunza umbo. Vipande vinaanza kung’aa juu, kona zake zinapata unyevunyevu wa mafuta, lakini bado vimesimama vilevile vilivyokatwa, na mistari ya kisu inaonekana. Ukiviangalia tu utadhani bado. Vigusishe ncha ya mwiko, vinaporomoka, kwa sababu ndani vilishayeyuka kitambo. Anayengoja kuona chokoleti imekuwa uji bila kuigusa ataendelea kuipasha mpaka iungue. Mimi huiacha dakika tatu, kisha nakoroga polepole kuanzia katikati kwenda nje, mpaka siagi na chokoleti viwe rangi moja.

Joto la chokoleti nyeusi lisizidi nyuzi 50, na ya maziwa au nyeupe lisizidi 45, maana maziwa yaliyomo huungua mapema. Kipimajoto si lazima. Lishike bakuli kwa viganja viwili. Ukiweza kutulia nalo bila kutaka kuliachia, uko salama. Mwenye maikrowevu atumie nusu ya nguvu, sekunde 30 za kwanza, kisha 15 kwa 15, akikoroga kila mara, na aitoe wakati bado kuna vipande vichache. Vitamalizika kwa joto la wenzao.

Na maji tena. Tone moja likidondokea kwenye chokoleti tupu iliyoyeyuka, rojo laini linageuka ghafla kuwa donge gumu lenye chengachenga. Kinachotokea ni kwamba chembe za sukari, ambazo zilikuwa kavu zikielea kwenye mafuta, zinalinyonya tone lile, zinanata na kushikana. Wengi hufikiri imeungua na kuimwaga. Haijaungua. Ukiongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko huku ukikoroga, sukari inapata maji ya kutosha na kila kitu kinalegea upya. Ila sasa una mchuzi mzuri wa chokoleti wenye maji ndani yake, haufai tena kwa biskuti hizi. Uweke kando wa kumwagia matunda, uanze upya na bakuli kavu.

Maziwa ya kopo yaingie yakiwa na joto la chumbani. Yakitoka kwenye friji moja kwa moja, mafuta ya kakao yanaganda yakiwa bado yanakorogwa na unapata vidonge. Chekecha kakao kwa kichujio cha chai ili isije na madonge, tia chumvi na vanila, koroga mpaka uone rojo zito linalong’aa. Mafuta yakianza kujitenga pembeni, kijiko kimoja cha maziwa ya uvuguvugu na kukoroga kwa nguvu huyarudisha. Kiasi hicho kidogo hakitaidhuru biskuti.

Kisha ngoja. Rojo lipoe mpaka liwe vuguvugu, lakini bado linamwagika. Likiwa la moto ni jepesi mno, linateleza juu ya biskuti na kutulia chini ya chombo, na juu unabaki na vipande vikavu visivyo na kinga. Tia biskuti na karanga, kisha geuza kutoka chini kuja juu, taratibu, huku ukilizungusha bakuli, mpaka kusiwe na upande hata mmoja wa biskuti unaoonekana mweupe. Usilifanye hili kwa haraka. Ule ukuta wa mafuta niliousema unajengwa sasa, na kipande kilichoachwa wazi ndicho kitakacholegea.

Tandika karatasi ya kuokea kwenye chombo, ncha zake zining’inie pande mbili ili ziwe mishikio ya kunyanyulia. Mimina, anza kushindilia kwenye kona, kisha pembeni, kisha katikati. Mgongo wa kijiko unatosha kwa kuanzia. Mwisho nalaza karatasi juu na kukandamiza kwa kitako cha glasi bapa. Shindilia mpaka hewa itoke, na usikie unapofika: biskuti zikianza kulia chini ya glasi, acha, unazivunja.

Ukitaka uso unaong’aa, yeyusha chokoleti nyingine gramu 100 na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, mwaga juu na uinamishe chombo huku na huku. Mafuta yanaifanya ganda hilo la juu likubali kisu bila kupasuka vipandevipande. Baada ya dakika 20 kwenye friji, likiwa limeshikamana lakini halijakauka, chora mistari ya kukatia kwa ncha ya kisu.

Kisha kaa mbali nacho. Saa tatu ni za lazima, usiku kucha ni bora. Usiku mmoja unafanya jambo ambalo saa tatu haziwezi: makombo yanamaliza kunywa, kakao inakolea, na chumvi inatulia. Funika vizuri. Mafuta hushika harufu haraka, na siagi na chokoleti ni mafuta. Kitunguu kilichokatwa rafu ya jirani kitakupa kitindamlo cha kitunguu.

Wakati wa kukata, chukua kisu kirefu, kichovye kwenye maji ya moto, kikaushe kabisa, kishushe moja kwa moja bila kukipeleka mbele na nyuma kama msumeno. Kifute kila baada ya kukata. Kipande cha kwanza huwa nakigeuza nikitazame ubavu wake kabla hakijaliwa. Pale kwenye mkato unaona kila kitu ulichofanya: biskuti rangi ya ngano, ukingo wake mwembamba wa kahawia uliotoka kwenye oveni ya kiwandani, vinyweleo vidogo katikati vikiwa bado vikavu, na chokoleti imeingia kwenye vitobo vya juu tu ikaishia hapo. Huo ndio mkato ninaoutaka. Ukiona mstari mweusi umesambaa ndani ya biskuti, unyevu umepita.

Kitoe nje dakika 10 hadi 15 kabla ya kula, kikiwa kimefunikwa. Baridi kali huificha ladha, na mafuta ya kakao hayawezi kufanya kazi yake ulimini yakiwa yametoka kwenye nyuzi nne. Kifuniko nacho kina sababu: hewa ya joto ikigusa uso wa baridi inaacha matone, matone yanayeyusha sukari ya juu, na yakikauka yanaacha mabaka meupe yenye kukwaruza. Kuna mabaka mengine meupe, laini, yanayotokana na mafuta kupanda juu na kuganda upya. Yote mawili hayana madhara kwa mlaji, yanaharibu sura tu. Ila mbwa asipewe hata kombo; theobromini iliyomo kwenye kakao ni sumu kwake.

Kitindamlo hiki kina ndugu wengi duniani. Waitalia na Wareno hukiviringisha kiwe na umbo la soseji nene, wakakipaka sukari ya unga juu, na kikikatwa vipande vya mviringo biskuti zinaonekana mfano wa mafuta kwenye nyama. Ni namna nzuri kwa asiye na chombo cha mraba: mimina mchanganyiko ulioanza kuwa mzito juu ya plastiki ya kufungia chakula, viringisha, kaza ncha mbili kwa kuzisokota, peleka kwenye friji. Na aibu ya kukiweka mezani kwenye sherehe kubwa haina msingi. Mwanamfalme William wa Uingereza alipooa tarehe 29 Aprili 2011, pamoja na keki kubwa ya harusi kulikuwa na keki ya chokoleti na biskuti isiyookwa aliyoiomba mwenyewe, iliyotengenezwa kwa biskuti za Rich Tea, zile za kawaida za Kiingereza za kula na chai.

Bibi yangu hali hiki cha kukatika. Meno hayamruhusu, na kwake naigeuza kanuni yote: namwita maji aje. Biskuti zilezile nazichovya kwenye maziwa ya uvuguvugu, zinaingia na kutoka, nazipanga kwenye bakuli la kioo, juu yake napaka krimu iliyopigwa na kuchanganywa na chokoleti iliyoyeyuka na kupoa, kisha biskuti tena, krimu tena. Krimu iwe baridi na yenye mafuta ya kutosha, asilimia 35 hivi, kwa sababu ni chembe za mafuta yaliyoganda zinazoshika viputo vya hewa. Ikiwa na joto haitasimama hata ukiipiga mpaka mkono uume. Chokoleti nayo iwe imepoa, lakini bado inatiririka. Kesho yake biskuti zote zimenyonya, zimevimba, zimekuwa laini mithili ya keki, na kijiko kinashuka mpaka chini bila kukutana na kizuizi. Bibi huanzia pembeni, anapasifia, kisha anakwenda katikati. Hiki hakikai, kiliwe ndani ya siku mbili, tatu mwisho.

Cha kukatika kinakaa wiki nzima kwenye friji kikiwa kimefungwa, na miezi miwili kwenye friza, kila kipande kikizungushiwa karatasi yake kisishikane na mwenzake. Cha friza kihamishie kwenye friji usiku, kiyeyuke humo kikiwa bado kimefungwa. Kaka yangu hangoji. Hukitoa na kukila kikiwa jiwe, akisema ndivyo biskuti inavyosikika zaidi, na kwa kweli nimejaribu, inasikika.